Maboresho Yanayotakiwa katika Nepi za Watu Wazima: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo watu wanaoshindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, pamoja na wale wanaowahudumia, huyarudia kila mara wanapozungumzia bidhaa wanazozitumia. Tumeanza na mambo ya msingi, kisha tukaingia katika hali zisizo za kawaida. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, tumemwelekeza msomaji huko.

## Mambo ya msingi

Je, bidhaa zote hizi ni kitu kimoja?

Hapana, na malalamiko mengi hutokana na mtu kutumia aina isiyomfaa. Zipo pedi ndogo za kubandika ndani ya chupi kwa mtu anayevuja matone anapokohoa, anapocheka au anaponyanyua mzigo. Wanaume wana vikinga vyao vidogo vya mbele. Zipo pedi kubwa ambazo hushikiliwa na chupi ya wavu, na zipo nepi zinazovaliwa kama chupi, ambazo hapa tutaziita nepi-chupi. Nepi za kubandika hufungwa kwa vibandiko kiunoni na humfaa zaidi mtu anayebadilishwa akiwa amelala. Nepi za mkanda nazo hufungwa kiunoni kwanza, ndipo kipande cha mbele kikavutwa juu kati ya miguu na kushikizwa.

Ndani ya nepi kuna nini?

Kuna tabaka nne za msingi. Ya juu, inayogusa ngozi, ni kitambaa chepesi cha nyuzi za plastiki kinachopitisha mkojo haraka bila chenyewe kubaki na maji mengi. Chini yake kuna tabaka la kupokea na kusambaza, ambalo huushikilia mkojo kwa muda na kuueneza mbele na nyuma. Kisha unafuata moyo wa nepi, ambao ni nyuzi laini za mbao zilizochanganywa na chembe za kufyonza zinazogeuka kuwa rojo zikilowa. Nje kabisa kuna ngozi ya plastiki inayozuia maji yasitoke.

Chembe hizo zilitokana na utafiti uliofanywa katika maabara za Wizara ya Kilimo ya Marekani miaka ya 1960, ambapo lengo lilikuwa kuhifadhi maji udongoni. Huweza kunywa maji safi yasiyo na chumvi mara mamia ya uzito wake, lakini mkojo una chumvi, na chumvi huushusha uwezo huo hadi makumi machache tu ya uzito wake. Anayemimina maji ya bomba kwenye nepi ili kuijaribu nyumbani atapata matokeo mazuri kuliko atakayoyapata ikivaliwa.

Ni umbo gani lililo bora?

Hakuna. Majaribio makubwa ya kulinganisha yaliyofanyika Uingereza, ambayo ripoti yake ilichapishwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba wanawake wenye uvujaji mwingi walielekea kuzipenda nepi-chupi nyakati za mchana, ilhali wanaume walifaidika zaidi na nepi za kubandika. Somo kubwa lilikuwa kwamba mtu mmoja huhitaji zaidi ya aina moja: moja ya kwenda nayo kazini, nyingine ya kulalia. Ndiyo maana ombi la pakiti ndogo ya majaribio, yenye nepi mbili au tatu za aina tofauti, hurudiwa sana na watumiaji, na kwa maoni yetu ndilo lililo rahisi kuliko yote kutekelezwa.

## Kuvuja

Kwa nini nepi huvuja kabla haijajaa?

Ukiifungua nepi iliyovuja na kuitandaza mezani, mara nyingi utaikuta imevimba katikati na kuwa rojo zito, huku sehemu ya nyuma ikiwa kavu kama ilivyotoka kwenye pakiti. Nafasi ilikuwepo. Mkojo haukuifikia.

Sababu ya kwanza ni kasi. Kwa mtu mwenye afya, kasi ya juu ya mkojo huwa takriban mililita 15 hadi 25 kwa sekunde, na mtu ambaye kibofu chake hubana ghafla anaweza kukimaliza chote chini ya nusu dakika. Chembe za kufyonza haziwezi kufanya kazi kwa kasi hiyo. Tabaka la kusambaza lisipoushikilia mkojo katika sekunde hizo za mwanzo, mkojo hutafuta njia kwenye mapaja. Sababu ya pili ni rojo lenyewe: chembe zilizokwisha kuvimba hubanana na kuziba njia, kwa hiyo mkojo wa mara ya pili na ya tatu hukuta mlango umefungwa. Ya tatu ni mwili. Mtu anapotembea, moyo wa nepi hubanwa na mapaja, hukunjamana na kupoteza umbo; anapoketi, uzito wake huukamua; na anapoinuka ghafla baada ya kuketi muda mrefu, mkojo uliokuwa haujafungwa ndani ya chembe humwagika kwa mkupuo.

Kwa hiyo watumiaji wanapoomba nepi isiyovuja, kwa lugha ya watengenezaji wanaomba tabaka la kusambaza lenye kasi zaidi, moyo usiokunjamana ukilowa, na kuta za ndani, yaani mikunjo yenye lastiki inayopita kando ya mapaja, zinazosimama imara kando ya kinena. Wanaomba pia kizuizi mgongoni, sehemu ambayo nepi nyingi zimeiacha wazi. Kuongeza unene peke yake hakutibu lolote kati ya hayo.

Kosa moja la uvaaji linafaa kutajwa hapa, kwa sababu husababisha lawama nyingi zisizostahili: kuta za ndani zikilala chini wakati wa kuvaa, hazizuii kitu. Pitisha kidole kando ya kila paja baada ya kuvaa ili kuhakikisha kwamba zimesimama na kwamba hazikukunjwa chini ya lastiki. Watengenezaji wangeweza kuzitia rangi tofauti kuta hizo ili mhudumu azione mara moja.

Namba ya mililita kwenye pakiti ina maana gani?

Mara nyingi namba hiyo hutokana na kipimo cha Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) kinachoitwa ISO 11948-1, kilichochapishwa mwaka 1996. Nepi hupimwa uzito ikiwa kavu, huzamishwa yote katika maji ya chumvi, huachwa yachuruzike, kisha hupimwa tena. Tofauti ya uzito ndiyo uwezo wake. Hakuna mwili ndani yake, hakuna uzito unaoikandamiza, hakuna kasi ya mkojo, na kila pembe ya nepi hupata nafasi ya kunywa, hata zile ambazo mkojo wa binadamu haufiki kamwe.

Namba hiyo hufaa kulinganishia nepi mbili za umbo moja, lakini haimwambii mvaaji atakaa saa ngapi bila kuvuja. Kiwango kingine, ISO 15621, hutoa mwongozo wa kutathmini bidhaa hizi kwa kuangalia pia mahitaji ya mvaaji, mtindo wake wa maisha na wahudumu wake. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwongozo huo hauonekani kwenye pakiti. Watumiaji wanaomba namba ya pili: kiasi ambacho nepi huweza kupokea ikiwa imevaliwa na imekaliwa, kabla tone la kwanza halijatoka.

Je, nikivaa nepi mbili kwa pamoja, muda utaongezeka?

Si kama unavyotarajia. Nepi ya ndani ina plastiki nje, kwa hiyo mkojo hauwezi kupita kwenda kwenye ile ya pili. Utafurika kandokando, na ngozi itapata joto maradufu. Zipo pedi za nyongeza zisizo na plastiki chini, ambazo zikijaa hupitisha mkojo kwenye nepi. Tatizo ni kwamba pedi hizo na zile za kawaida zinafanana sana kwa macho, na maandishi ya kuzitofautisha huwa madogo. Alama kubwa ya mshale unaopenya tabaka mbili ingewaokoa wengi.

Kwa nini mchana sivuji lakini usiku godoro linalowa?

Mtu aliyesimama hukojoa kuelekea chini. Aliyelala ubavu hukojoa kuelekea pembeni, na moyo wa nepi ni mwembamba pembeni, pengine haufiki kabisa. Kwa mwanaume hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mkojo huweza kupanda hadi kwenye ukingo wa kiuno. Nepi nyingi za usiku ni zile zile za mchana zilizoongezwa unene. Wanachokitaka watumiaji ni moyo mpana unaofika kwenye nyonga na ukingo wa kiuno wenye kizuizi.

## Saizi, umbo na vibandiko

Kwa nini saizi yangu hainikai?

Kwa sababu saizi hupimwa kwa kitu kimoja tu, kiuno au nyonga, na kila mtengenezaji huchora mipaka yake. Wawili wenye kiuno sawa wanaweza kuwa na mapaja yasiyolingana hata kidogo: mzee aliyekonda miguu hubaki na mwanya ambao kidole hupita, na mwenye mapaja manene hukatwa na lastiki mpaka alama nyekundu zinabaki hadi asubuhi. Ombi ni kwamba pakiti ionyeshe kipimo cha nyonga na cha paja, na kwamba kuwe na saizi za katikati. Wenye miili mikubwa sana na wenye miili midogo sana hulalamika zaidi, kwani nepi zao mara nyingi ni ile ya kati iliyokuzwa au kupunguzwa bila kubadilishwa umbo.

Je, kuna haja ya nepi tofauti kwa wanaume na wanawake?

Ipo. Wanaume huhitaji ufyonzaji mwingi mbele, wanawake katikati. Nepi ya jinsia zote hugawanya chembe ili kumridhisha kila mmoja, na matokeo yake ni kubeba uzito mahali usipohitajika. Jambo la kuepuka ni kubadilisha rangi ya pakiti huku ndani mkiwa hamna tofauti.

Vibandiko vyangu hupasuka au huacha kushika. Tatizo ni nini?

Vipo vya aina mbili. Vile vya gundi hushika vizuri kwenye plastiki, lakini vikiguswa na mafuta ya kupaka, poda au jasho, huisha nguvu. Vile vya vijino vidogo, kama velkro, hushika kwenye nepi zenye nje ya kitambaa na huweza kufunguliwa na kufungwa tena, ila kila vinapobanduliwa hunyofoa nyuzi, na mara ya tatu huachia vyenyewe mtu anapojigeuza kitandani.

Mhudumu anayembadilisha mtu saa nane za usiku, kwa mwanga hafifu, hukosea kibandiko mara ya kwanza karibu kila siku. Kwa hiyo kufunga upya ni hitaji la kila usiku, na nepi inayopasuka kwa sababu kibandiko kimekwenda sentimita mbili pembeni ni nepi nzima iliyotupwa ikiwa kavu. Watumiaji wanataka eneo pana la kubandika, vibandiko vinavyonyumbuka pamoja na kiuno, na ncha isiyo na gundi inayoshikika hata kwa glavu.

Je, lazima nivue suruali na viatu ili kubadilisha nepi-chupi?

Kwa nepi-chupi nyingi, ndiyo, na hii ni miongoni mwa kero kubwa za watu wanaofanya kazi au kusafiri. Katika chumba kidogo cha choo, mtu huinama kufungua kamba za viatu, huvua suruali akijaribu isiguse sakafu iliyolowa, husimama kwa mguu mmoja huku akijishikiza ukutani, kisha hurudia yote hayo kwa mpangilio wa kinyume. Mwenye magoti mabovu hawezi.

Nusu ya suluhisho tayari ipo: mishono ya pembeni ya nepi-chupi hutengenezwa ili ichanike, kwa hiyo iliyolowa huondolewa bila kuishusha miguuni. Wengi hawajui, maana maelezo hayo huwa nyuma ya pakiti kwa herufi ndogo. Nusu iliyobaki ni kuivaa mpya. Zipo zinazofunguka pembeni na kushikizwa tena, na watumiaji wangependa huo uwe utaratibu wa kawaida.

## Ngozi, harufu na sauti

Kwa nini ngozi huchubuka hata nikibadilisha mara kwa mara?

Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi, ambapo namba ndogo ni asidi nyingi) ikiwa kati ya 4 na 6. Mkojo ukikaa, bakteria huivunja urea, kemikali iliyomo ndani ya mkojo, kuwa amonia, na amonia huiondoa asidi hiyo. Kinyesi kikiongezeka, vimeng'enya vyake hufanya kazi kwa ukali zaidi katika mazingira hayo. Ongeza joto, unyevu na msuguano wa lastiki, na ngozi ya kinena hulainika na kuchubuka.

Maboresho yanayoombwa ni tabaka la juu lisilorudisha unyevu likikaliwa, kingo laini za lastiki, na plastiki ya nje inayopumua. Hii ya mwisho hutengenezwa kwa kuchanganya plastiki na unga laini wa kalsiamu kaboneti na kuinyoosha hadi inapata vitundu vidogo vinavyopitisha mvuke bila kupitisha maji. Tahadhari moja: mafuta mazito ya kupaka huziba tabaka la juu, mkojo ukashindwa kupenya. Pakaza kwa wembamba. Ngozi iliyofunguka au inayotoa maji ionwe na mhudumu wa afya.

Je, nepi yenye manukato husaidia kuondoa harufu?

Mkojo mpya hauna harufu kali. Harufu ni ya amonia iliyoelezwa katika jibu lililotangulia. Manukato huongeza harufu ya pili juu ya ile ya kwanza, na wavaaji wengi husema kwamba harufu hiyo ndiyo inayowatambulisha. Wanataka kazi ifanyike kwenye chanzo, yaani moyo unaoufungia mkojo haraka na kuidhibiti pH. Wenye ngozi inayodhurika kwa urahisi huomba bidhaa isiyo na manukato kabisa.

Nepi inachakacha ninapotembea. Kwa nini haijatengenezwa ya kimya?

Zipo za kimya, zenye nje ya kitambaa. Lakini hapa watumiaji wenyewe hawakubaliani. Baadhi yao huipenda plastiki kwa sababu huzuia unyevu na harufu vizuri na vibandiko vya gundi hushika juu yake; wengine hawataki kuisikia kabisa, hasa kazini na katika nyumba za ibada. Kosa la watengenezaji limekuwa kuiondoa moja sokoni ili kuleta nyingine.

Mstari unaobadilika rangi unaaminika kiasi gani?

Kwa kawaida mstari huo hugeuka kutoka njano kuwa bluu au kijani kwa sababu rangi yake huathiriwa na pH. Hueleza kwamba nepi imelowa, hauelezi kwamba imejaa, na jasho jingi huweza kuugeuza. Mhudumu anayebadilisha kila anapouona umegeuka hutupa nepi nyingi zenye nafasi. Kinachoombwa ni mistari miwili au mitatu kwa urefu, ili ionekane mkojo umefika wapi, na iwe mahali pa kuchungulia bila kumvua mtu nguo mbele za watu.

## Hali zisizo za kawaida

Ninatumia kiti cha magurudumu. Nizingatie nini?

Mtu aliyeketi kutwa huukalia moyo wa nepi, mishono na mikunjo yake. Kila tabaka linaloongezwa kati ya mwili na mto maalumu wa kiti hupunguza faida ya mto huo, na mshono mgumu chini ya makalio huweza kuanzisha kidonda cha mgandamizo kwa mtu asiye na hisia. Wanachoomba wenye viti ni unene uhamishiwe mbele, mishono isiwe chini ya makalio, na mgongo uwe mrefu usioshuka wanapojihamisha kutoka kitini kwenda kitandani.

Je, nepi hizi zimetengenezwa kwa ajili ya haja kubwa?

Nyingi zimebuniwa kwa mkojo. Matundu ya tabaka la juu hayapitishi kinyesi, kwa hiyo hubaki juu na kusambaa kuelekea mgongoni na mapajani. Linalotakiwa ni nafasi iliyoachwa kwa makusudi nyuma, kuta ndefu zaidi na kizuizi cha mgongo kilichotajwa katika sehemu ya kuvuja. Kwa kubadilisha, nepi ya kubandika ni bora kuliko nepi-chupi.

Nina mkono mmoja wenye nguvu baada ya kiharusi. Ipo inayonifaa?

Jaribu ya mkanda, kwani hufungwa hatua kwa hatua. Watumiaji wenye tatizo hili, pamoja na wenye mikono inayotetemeka, huomba vitanzi vya kuingiza kidole gumba. Wasioona huomba alama ya mguso inayotofautisha mbele na nyuma, jambo ambalo lingegharimu mshono mmoja mdogo.

Za kufuliwa je?

Hupunguza taka na, kwa muda mrefu, matumizi ya fedha, lakini zile za kubeba mkojo mwingi huwa nzito na huchelewa kukauka. Maboresho yanayotakiwa ni pedi inayotenganishwa na chupi ili kila kimoja kikauke upesi. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu hupaka nyuzi utando unaopunguza ufyonzaji.

Nepi zilizotumika nazitupaje, hasa nikiwa nje ya nyumbani?

Ikunje kutoka mbele kwenda nyuma, uifunge kwa vibandiko vyake, uitie ndani ya mfuko. Usiitupe chooni. Wanaume hulalamika kwamba vyoo vyao havina pipa, na huo ni upungufu wa majengo ambao nepi haiwezi kuurekebisha, ingawa kibandiko cha kufungia na mfuko mdogo usiopitisha mwanga ndani ya kila pakiti vingesaidia. Kuhusu zile zinazodaiwa kuoza, kumbuka kwamba nepi ya kawaida ni plastiki, mbao na chembe vilivyounganishwa kwa gundi, na kuvitenganisha ni kazi ngumu.

Vihisi vya kielektroniki vina faida?

Kifaa kinachobandikwa nje ya nepi na kutuma taarifa huweza kumwepusha mgonjwa na kuamshwa bure usiku. Swali la wavaaji ni nani anaipokea taarifa hiyo. Mtu mwenye akili zake timamu angependa simu yake mwenyewe ndiyo ijulishwe kwanza.

Nimfikishie vipi mtengenezaji malalamiko ili yafanyiwe kazi?

“Inavuja” haimsaidii mbunifu. Mweleze saizi, namba ya toleo iliyopigwa chapa kwenye pakiti, umevaa kwa saa ngapi, ulikuwa umeketi, umesimama au umelala ubavu upi, na mkojo ulitokea wapi. Kama una mizani ya jikoni, ipime nepi moja kavu, kisha ipime ile iliyovuja ikiwa ndani ya mfuko, utoe uzito wa mfuko. Tofauti ya gramu 1 ni takriban mililita 1 ya mkojo. Nepi iliyoandikwa mililita 2,000 na kuvuja ikiwa na gramu 450 inamweleza mbunifu mahali pa kutafuta kosa, hasa ukiambatanisha picha ya nepi iliyotandazwa inayoonyesha sehemu iliyobaki kavu.